Mtindo Wako, Mtindo wa Mjini

Miaka ya 1970, mtu wa Dar es Salaam akiuliza bendi fulani inapiga mtindo gani, alikuwa anataka jina. Western Jazz walikuwa na Saboso. Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata, Afro 70 ya Patrick Balisidya ilikuwa na Afrosa, na Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ikajichukulia Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Jina hilo lilipakwa kwenye mabango, likatajwa redioni na likaimbwa katikati ya wimbo wenyewe. Bendi nyingine haikuthubutu kuligusa, kama ambavyo timu moja haivai jezi ya watani wake. Leo neno ni lilelile ila limehama nyumba. Tunasema fulani anakwenda na mtindo, fulani amepitwa na mtindo, na hakuna anayeuliza mtindo wenyewe ni wa nani, kwa sababu ni wa mji mzima, au tuseme wa dunia nzima kwa msimu huu. Neno lililotaja kinachomtenga mwanamuziki na wenzake siku hizi linataja kinachomfananisha nao.

Naona suala zima la msanii kubaki yeye wakati upepo unageuka limo ndani ya kuhama huko kwa neno. Ushauri tunaousikia kila siku, kwamba kijana awe yeye na asiige, unachukulia kwamba kila msanii amezaliwa na muziki wake kifuani na kazi yake ni kuulinda usichafuliwe. Historia ya muziki wa Waswahili haijui kitu cha namna hiyo. Inachokijua ni watu walioazima mchana kweupe, kisha wakakaa na walichoazima mpaka kikaanza kufanana nao. Hapo ndipo mtindo wa maana ya zamani ulipozaliwa, na hicho ndicho ninachokiita uaminifu wa mwanamuziki kwa nafsi yake. Lakini kukaa na kitu mpaka kifanane nawe kunataka muda, na muda una gharama. Ndiyo maana sikubaliani na wazee wanaowalaumu vijana kwa kukosa msimamo, kama kwamba msimamo ni tabia tu ya mtu na hauna uhusiano na nani anamlipa, lini, na kwa kazi ipi.

La kuazima halihitaji maneno mengi. Dansi ilianza kwa santuri za Kikuba zilizofika Afrika tangu miaka ya 1930, zile za herufi GV, na vijana wa mijini wakazikariri hata maneno ya Kihispania wasiyoyaelewa. Beni ilitoka kwenye bendi za matarumbeta za majeshi ya wakoloni. Bongo Fleva ilianza kwa kurap juu ya midundo ya Wamarekani, na mwanzoni hata lugha ilikuwa yao. Anayetafuta muziki wetu usio na kitu cha jirani ndani yake atabaki na ngoma peke yake, na hata ngoma zimekuwa zikiazimana tangu watu walipoanza kuoana makabila.

Taarabu ndiyo inayolionyesha jambo hili kwa uwazi zaidi, na inanishangaza kwamba ndiyo hutumiwa mara nyingi kuwasuta vijana kuwa wameacha asili. Muziki huo uliingia Unguja kutoka Misri kwa mapenzi ya Sultani Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, ukakaa jumbani na kwenye mabaraza ya wakubwa. Kikundi cha Akhwani Safaa kilipoanzishwa mwaka 1905, nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Ndipo akaja Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mwana wa watu wa hali ya chini aliyekuja mjini akiuza vyungu, akauimba muziki wa jumbani kwa Kiswahili cha watu wa kawaida wa Ng'ambo. Hakubadilisha ala. Udi na fidla vilibaki. Alichobadilisha ni nani anazungumza ndani ya wimbo na anazungumza habari gani. Wimbo wa Kijiti ulisimulia mauaji yaliyotokea kweli, na jinsi mwuaji alivyotoroka huku wanawake ndio walioishia kuadhibiwa na mahakama. Mwaka 1928 yeye na kundi lake walipelekwa Bombay kurekodi santuri, na kampuni ikagundua kwamba kulikuwa na wanunuzi wengi wa Kiswahili waliokuwa wakingoja. Sasa tujiulize, Siti alikuwa mlinzi wa asili au mfuata upepo? Kwa masikio ya baraza la mwaka 1910 alikuwa mharibifu. Kwetu sisi yeye ndiye asili yenyewe, hata Shaaban Robert akaona maisha yake yanastahili wasifu. Kilichomfanya awe yeye ni kwamba muziki wa watu wengine ulipopita kinywani mwake ulitoka ukiwa na lafudhi, hasira na mzaha wa mtaa wake.

Mtindo wa bendi za dansi ulijengwa kwa njia hiyohiyo, tena hapo tunaweza kuusogelea na kuona ulivyoundwa. Wimbo wa dansi wa Tanzania una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya taratibu, waimbaji wawili au watatu wanapokezana kisa, na gitaa la rhythm linatembea chini yao bila haraka. Kisha panakuja chemko. Magitaa yanaanza kujibizana, solo anaachiwa, saxafoni na tarumbeta zinaingia kwa pamoja, na waliokuwa wamekaa wakisikiliza maneno wanainuka. Mpango huo ulikuwa wa wote, na Wakongo walikuwa na wa kwao uliofanana nao. Tofauti ya bendi na bendi ilikaa kwenye vitu vidogo: gitaa la pili linaingia mapema au linasubiri, besi inakata wapi, tumba inajibu nini, waimbaji wanapishana vipi mwishoni mwa mstari. Vitu vidogo namna hiyo haviandikwi popote. Vinapatikana kwa watu walewale kukutana mazoezini mchana, na kupanda jukwaani usiku, wiki baada ya wiki, mbele ya watu walewale ambao wakichoshwa wanarudi kwenye viti vyao na wanamuziki wanawaona.

Ushahidi wa jinsi mtindo ulivyoshika ni bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Ilianza ikiitwa NUTA Jazz. Chama kikawa JUWATA, na bendi ikawa JUWATA. Chama kikawa OTTU, bendi nayo ikageuka tena. Leo ni watu wachache wanaoweza kuzipanga herufi hizo bila kukosea, lakini kila mtu anajua Msondo. Mwajiri alibadilisha bango mara kadhaa na muziki ukakataa kubadilika jina. Kwa upande wa waimbaji, Muhidin Maalim Gurumo aliyekuwa NUTA tangu miaka ya 1960 alihamia Mlimani Park mwaka 1978, katikati ya miaka ya 1980 akaenda Safari Sound kwenye mtindo wa Ndekule, kisha akarudi Msondo. Kila alikokwenda alikuta mpangilio tofauti wa magitaa, na kila alikokwenda msikilizaji alimtambua kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Kwa hiyo kulikuwa na mitindo miwili ndani ya wimbo mmoja, wa bendi na wa koo la mtu, na hakuna uliomeza mwenzake.

Hapa pingamizi la kwanza linaingia, na ni zito. Mtindo ulishika kwa sababu kulikuwa na mshahara. NUTA ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Polisi, Magereza na JKT walikuwa na bendi zao, na Mlimani Park baadaye ikawa chini ya DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki wa bendi hizo aliajiriwa, ala zilikuwa za mwajiri, na redio ilikuwa moja tu Tanzania Bara, iliyorekodi na kurusha muziki wa nyumbani kama sehemu ya siasa ya taifa. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na msimamo. Hajaribiwi kila mwezi na kodi ya chumba. Mwenye kupinga ataongeza jambo linalouma zaidi: msimamo huohuo haukuwatunza hata wenyewe. Gurumo alistaafu mwaka 2013 baada ya zaidi ya miaka 50 jukwaani, na habari iliyozungumzwa mjini mwaka huo ni kwamba Diamond Platnumz, kijana wa mtindo wa mjini kuliko wote, alimpa mzee huyo zawadi ya gari. Aliyeimba kwa koo lisilofanana na la mtu mwingine alipewa gari na aliyejua kwenda na wakati. Baada ya hapo unamwambia nini kijana wa Tandale kuhusu kubaki yeye?

Sina jibu la kulifuta pingamizi hilo, na sidhani kuwa lipo. Ninachokubali ni kwamba msimamo haujawahi kuwa biashara nzuri. Mirabaha ilikuwa jina tu kwa kizazi cha Gurumo. Nyimbo zao zilirudufiwa kwenye kanda sokoni wala hazikuwarudishia kitu. Lakini tukikubali hilo, tuone pia linathibitisha nini. Linathibitisha kwamba waliokuwa na mtindo walinyimwa malipo yao, na hilo ni suala la sheria, mikataba na masoko. Halithibitishi kwamba mtindo haukuwa na thamani. Mwizi haibi kitu kisicho na mnunuzi. Kanda zile zilirudufiwa kwa maelfu kwa sababu watu walizitaka, na zilizopendwa zinapigwa hadi leo kwenye kumbi na mabasi ya mikoani, wakati nyimbo nyingi zilizotamba miaka 5 iliyopita hakuna anayezikumbuka majina.

Kilichobadilika ni mazingira ya kutengenezea. Katikati ya miaka ya 1990 redio na televisheni za watu binafsi zilifunguliwa, serikali na mashirika yake yakajitoa kwenye burudani, na kompyuta ikafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na watu 15. Kwa wengi hiyo ilikuwa neema. Kijana asiye na gitaa wala mwajiri aliweza kuingia studio na daftari la mashairi akatoka na wimbo, na bila hilo tusingempata Professor Jay wala Sugu, watu waliosema waziwazi mambo ambayo bendi za mashirika zisingeruhusiwa kuyataja. Ila studio ina mantiki yake. Prodyuza hasubiri bendi izoeane. Anafungua programu, anavuta sauti ya kick, anatandaza kinanda, na sauti anazovuta ni zilezile alizonazo mwenzake wa Lagos na Johannesburg. Msanii anasikiliza midundo mitatu minne, anachagua mmoja, anaingia kwenye kibanda na saa chache baadaye wimbo umekwisha. Hakuna katika hatua hizo mahali ambapo kitu kinakaa na mtu mpaka kifanane naye. Ukishakuwa hivyo, mtindo unaacha kuwa kitu kinachojengwa na watu fulani. Unakuwa kitu kinachopakuliwa. Sioni kosa la kijana hapo. Naona mashine iliyopangwa kutoa vinavyofanana, na mtu anayetakiwa atofautiane akiwa ndani yake.

Na vinavyofanana vina hesabu yao, ambayo wafuata upepo huipiga nusu. Midundo ya Kinijeria ilipoingia Dar kwa nguvu baada ya mwaka 2013, waliofaidi ni wale wachache waliowahi mlangoni na waliokuwa na fedha za kupiga picha na Wanijeria wenyewe. Waliofuata walikuta msikilizaji ameshashiba. Amapiano imekwenda hivyohivyo: besi yake inayodunda kama gogo lililopigwa rungu ilikuwa ajabu kwenye nyimbo za kwanza, na ilipofika wimbo wa hamsini haikuwa tena sababu ya kumsikiliza mtu yeyote. Nairobi walipata somo hilo kwa kasi kubwa zaidi. Mwaka 2018 kundi la Ethic lilitoa "Lamba Lolo", gengetone ikawaka, na kwa muda mfupi kila mtaa ukawa na kundi lake la vijana wanne wenye mzaha uleule na mdundo uleule. Miaka michache baadaye wimbi lilikuwa limeshapwa, na makundi mengi yalikwisha nalo. Wakati huohuo Jua Cali aliyeanza na muziki wa genge mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa bado anatambulika kwa namna yake ya kuiburuta Sheng, polepole, kama mtu anayesimulia akiwa ameegemea ukuta. Upepo unalipa, ila unalipa waliotangulia. Anayechelewa analipwa kidogo na hubaki bila sura.

Atatokea wa kusema kwamba nachagua mifano inayonifaa, na wapo waliofuata upepo wakafika. Ni kweli, na African Stars ndio mfano unaonisumbua kuliko yote. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati bendi za zamani zikipoteza kumbi, hao walichukua sebene na vionjo vya kurap vya Kinshasa bila aibu, wakavalisha wanenguaji na kujaza watu. Wazee wa Sikinde na Msondo waliona ni kuiga kwa Wakongo. Lakini tuangalie walichofanya baada ya kuiga. Nyimbo zao zilikuwa visa virefu vya Kiswahili vya mkasa na mafunzo, kama "Kisa cha Mpemba", jinsi dansi ilivyokuwa ikisimulia tangu zamani. Na muziki wao wakaupa jina, Twanga Pepeta, hata jina hilo likaimeza bendi yenyewe, kama Msondo ilivyozimeza herufi za chama. Walifuata upepo kisha wakaupiga chapa. Mfano huo unaniunga mkono kuliko unavyonipinga, ingawa nakiri kwamba mwaka wa kwanza hakuna mtu angeweza kujua ungeishia upande gani.

Hilo linaleta swali gumu: tutajuaje? Kama kuazima si dhambi na kuiga huanza kwa kuazima, mpaka uko wapi? Kipimo ninachokiamini ni cha sikio. Zima mdundo, bakiza sauti na maneno. Kama bado unajua ni nani, na kama wimbo bado una jambo la kusema, mdundo ulikuwa nguo tu. Kama hakuna kinachobaki, basi mdundo ndio uliokuwa msanii. Bi Kidude alikipita kipimo hicho kuliko mtu yeyote wa pwani hii. Aliimba nyimbo za Siti mbele ya okestra ya taarabu. Alipiga ngoma ya unyago akiwa ameifunga kiunoni kwa kanga, bila ala nyingine yoyote karibu. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX Uingereza, mbele ya watu ambao hawakuelewa neno hata moja. Na uzeeni kabisa aliingia studio na vijana wa Offside Trick wa Zanzibar wakatoa "Ahmada" juu ya mdundo wa kompyuta. Koo ni lilelile kavu lenye mikwaruzo, lisilojali kama noti imekaa vizuri. Kwenye "Ahmada" ni mdundo wa vijana ndio unaomzunguka yeye. Hakuna aliyesema bibi kafuata upepo, wala hakuna aliyesema kakataa mabadiliko, maana alikuwa na kitu ambacho hakikuwa kwenye mdundo. Alifariki Aprili 2013, na sauti hiyo hakuna aliyeweza kuiiga, hata kwa mzaha.

Hukwe Zawose naye alikwenda mbali zaidi. Mgogo huyu aliyefundisha Bagamoyo, mwenye ilimba, zeze na sauti inayopanda ghafla kutoka kifuani hadi kwenye paji la uso, mwaka 2002 alitoa albamu ya "Assembly" na mtayarishaji Michael Brook, iliyojaa magitaa ya umeme na mitambo. Waliopenda Ugogo usiochanganywa walinung'unika. Lakini ilimba ina tuni yake ambayo haikubaliani na kinanda cha Ulaya, na katika kazi ile mitambo ndiyo iliyolazimika kukaa mahali ilipo ilimba. Nadhani hapo ndipo tofauti ya kuchanganya na kumezwa inapoonekana. Angalia nani anasogea ili mwenzake apate nafasi.

Ipo hatari ya upande wa pili, na watetezi wa msimamo huikwepa. Mtindo unaweza kugeuka jela. Ziko bendi ambazo zimekuwa zikipiga wimbo uleule kwa mpangilio uleule tangu Mwalimu yuko madarakani, na huo nao huitwa uaminifu. Kwangu ni uchovu uliovaa koti la heshima. Mwaminifu kwa nafsi yake anachukulia kwamba nafsi hiyo bado iko hai, na kitu kilicho hai hujigeuza. Franco wa Kinshasa aliliona hilo. Zaiko Langa Langa walipoibuka karibu na mwaka 1970, vijana watupu, wakaondoa matarumbeta na kuikaza ngoma, kila bendi ya zamani ililazimika kuamua. Franco hakuyatupa matarumbeta ya T.P.O.K. Jazz ili afanane na watoto, wala hakubaki na nyimbo fupi za mwaka 1960. Alizirefusha, akazigeuza masimulizi ya kuchokoza watu, na mwaka 1985 "Mario", kisa cha kijana anayelelewa na mwanamke mtu mzima, ikachezwa kila mahali, Dar es Salaam ikiwamo, kazi ya mtu aliyekuwa katika mwongo wake wa nne wa muziki. Remmy Ongala, Mkongo aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978 na kuwa Mtanzania kuliko wengi wetu, naye aligeuka zaidi ya mara moja. Alitoka bendi ya Makassy akaenda Matimila. Aliimba kondomu wakati redio ya taifa haikutaka kulisikia neno hilo, na mwishoni akaingia injili. Wapo waliosema kajisaliti. Mimi nasikia mtu yuleyule anayemhubiria maskini kuhusu kifo, tangu "Songs for the Poor Man" ya mwaka 1989 hadi kanisani. Kituo cha daladala Sinza kinaitwa Kwa Remmy, na konda akilitamka jina hilo hajali kama anayeshuka anakwenda kwenye muziki au kwenye maombi.

Na hata wale wa mtindo wa mjini, wanapotaka kitu kitakachodumu, hurudi kuchota kwa walio na mtindo wao. Mwaka 2001 Saida Karoli alikuja kutoka Kagera na wimbo wa Kihaya ambao wengi mjini hatukuuelewa, tukakishika kiitikio chake hivyohivyo. Ulikuwa kinyume cha kila kilichokuwa kikipigwa redioni wakati rap ndiyo habari ya mjini. Miaka 15 baadaye, Diamond na Rayvanny wakautoa upya kama "Salome". Mdundo walitia wao, wa mwaka 2016, na sasa umeshazeeka. Kilichoubeba wimbo ni kile alichokuja nacho Saida, mwendo wa sauti na kiitikio, vitu ambavyo mwaka 2001 mtu mwenye akili ya biashara angemshauri avitupe aimbe Kiswahili. Diamond si mjinga. Anajua soko kuliko sisi tunaomchambua, na soko lilimwambia akachote kwa mtu ambaye hakulisikiliza.

Wenye mtindo kwa maana ya kwanza leo wako Mburahati, Manzese na Tandale. Singeli haikutoka kwa mtu aliyeamua kulinda asili. Ilitoka kwenye vigodoro, sherehe za mtaani za usiku kucha, kutoka kwa vijana waliokuwa wamekulia kwenye mchiriku wa vinanda vya Casio na spika za tarumbeta, wakakata vipande vya taarabu kwenye kompyuta dhaifu na kuvikimbiza hadi zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Waliazima, kama Siti alivyoazima. Na masharti yale ya dansi yalikuwepo tena kwa umaskini wake: watu walewale, usiku hadi usiku, mchezaji akiwa hatua mbili kutoka kwa mwimbaji, na akichoka unamwona anaondoka. Kwa miaka mingi redio ziliuona muziki huo ni wa wahuni. Kisha Man Fongo akatamba na "Hainaga Ushemeji" mwaka 2016, mwaka uliofuata Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso", na sasa wasanii wakubwa wa Bongo Fleva wanapita huko kuchukua mdundo kama walivyochukua wa Lagos na Johannesburg. Singeli yenyewe inageuka kuwa mtindo wa mjini. Ombi litakalowafikia wale wa Mburahati, kama halijafika bado, si la kuacha singeli. Ni la kupunguza kasi kidogo.